Maji ya Yintirri

Siku walipomkamata, Yapurla alikuwa amepiga magoti, mkono umezama hadi begani ndani ya shimo la kenge.

"Vuta basi! Au ni yeye anayekuvuta?" wifi yake Tinmarra alimcheka. Alikuwa amesimama juu yake na mti wa kuchimbia mkononi, akingoja kichwa cha kenge kitokeze akiponde.

"Ngoja. Nimeshika mkia."

"Kila siku umeshika mkia. Kaka yangu kaoa mwanamke wa mikia, sisi tunalala njaa."

"Kaka yako mwenyewe anamfukuza kangaruu yuleyule tangu mwezi uzaliwe. Kamwulize yeye ameshika nini."

Tinmarra alicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Ni ule ukimya uliomfanya Yapurla ainue kichwa.

Juu ya tuta la mchanga, upande wa machweo, walikuwa wamesimama wanyama warefu kuliko mnyama yeyote aliyewahi kumwona, shingo zimepinda, migongo ina nundu. Ngamia, tulikuja kuwaita baadaye. Siku ile hawakuwa na jina. Juu ya mmoja wao alikaa mtu mwenye uso mwekundu na ndevu nyekundu, amejifunika mwili mzima kama maiti anayekwenda kuzikwa.

"Mizimu," Tinmarra alinong'ona.

"Mizimu haina kivuli. Wale wana kivuli. Kimbia!"

Nyuma yao, kwenye bonde dogo lenye miti mitatu, kulikuwa na maji ya Kulyarra. Maji yenyewe ni shimo tu la mchanga: unachimba, unangoja, yanatoka kiasi cha kujaza chano, unangoja tena. Hapo ndipo Yapurla alipomwacha bintiye mchanga Nyukana, amelala kivulini na bibi yake, mama Kurnti, aliyekuwa mzee wa kuburuta mguu. Tinmarra alianza kukimbilia huko huko, kama mtu yeyote anavyokimbilia kwake.

"Siyo huko, mjinga we!" Yapurla alimkemea kwa sauti ya chini. "Pita kwenye nyasi, jifiche, ukawahamishe. Mimi watanifuata."

Naye akatimka upande mwingine kabisa, katikati ya uwanda mweupe, mikono juu, akipiga mayowe ili asikike. Walimfuata. Ngamia anaonekana mzembe anapotembea, lakini akikimbia, mchanga kwake ni kama mwamba. Yapurla alikimbia mpaka kifua kikawaka moto. Alisikia pumzi nzito nyuma ya kisogo chake, halafu kitu kikamkaza kiunoni, akaanguka kifudifudi, mchanga ukamjaa kinywani.

Ilikuwa kamba.

Walikuwa wanaume watatu. Ndevu Nyekundu ndiye aliyekuwa bwana wao. Alizungumza kidogo, wenzake wakatenda. Wa pili alikuwa mtu mwembamba mwenye kitambaa kirefu kilichozungushwa kichwani, mchungaji wa wale ngamia. Alizungumza nao kwa upole kuliko alivyozungumza na watu, na jua lilipofika mahali fulani alijitenga, akainama hadi paji la uso likagusa mchanga. Yapurla alidhani anatafuta maji kwa kunusa.

Wa tatu ndiye aliyemshangaza. Alikuwa mtu mweusi kama sisi, kifuani ana makovu ya kutiwa jandoni kama wanaume wetu, lakini amevaa suruali iliyofungwa kwa ugwe, na kofia. Ndevu Nyekundu alimwita Jimi, kwa sauti ya kumwita mbwa.

Jimi alichuchumaa mbali kidogo, akazungumza akitazama chini. Maneno yake yalikuwa kama ya kwetu yaliyotafunwa kwa meno mengine, lakini yalieleweka.

"Wanataka maji."

"Waambie walie, wanywe machozi yao."

"Dada, usifanye mzaha. Ngamia wana siku nyingi hawajanywa. Wakifa hawa, sote tumekufa."

"Nani 'sote'? Mimi nimewaita?"

Ndevu Nyekundu alimtupia kipande cha nyama. Yapurla alikinusa, kilikuwa kigumu kama gome, hakikunuka mnyama yeyote anayemjua. Alikuwa na njaa, akauma. Chumvi ikamchoma ulimi, akatema. Yule bwana akaokota kipande kile kile, akakirudisha mkononi mwake, akamwonyesha bunduki, akamwonyesha kinywa. Yapurla akala. Akala chote huku wanaume watatu wakimtazama, na alipomaliza, Ndevu Nyekundu akakinga maji katika kikombe cha bati, akanywa polepole mbele yake, akapangusa ndevu, akafunga mfuniko wa pipa.

Hapo Yapurla akafahamu ile nyama ilikuwa ya nini.

"Ukionyesha maji, utakunywa," Jimi alisema.

"Na wewe uliwahi kulishwa hiyo?"

Jimi aliinuka, akaenda kukaza tandiko.

Jua lilizidi kuwa kali. Walimfunga kamba kiunoni, ncha ya pili ikafungwa kwenye tandiko la ngamia, wakamwambia atangulie. Kichwani Yapurla alikuwa na maji matatu. Kulyarra, ambayo ngamia mmoja angeyamaliza kwa pumzi moja, na baada yake angebaki mtoto na bibi yake na mchanga mkavu. Ngarrku, shimo la mwambani lenye kifuniko cha jiwe, ambalo alijua limekauka tangu majani yapukutike. Na Yintirri.

Kuhusu Yintirri hakutaka hata kufikiri. Yale ni maji hai. Hayakauki, kwa kuwa chini yake analala nyoka mwenyewe aliyeyaleta, na anawajua watu wake kwa harufu. Mtu haendi Yintirri hivi hivi. Huwasha moto mbali ili moshi utangulie, huita jina lake na la wazazi wake, hurusha mchanga uliochanganyika na jasho lake, ndipo hukaribia. Na mwenye kutoa ruhusa alikuwa mmoja tu, mjomba wake Wangkali, aliyeyapokea kutoka kwa baba yake, na baba kutoka kwa babu. Kuwapeleka wageni kule bila ruhusa ni kosa ambalo watu wamechomwa mikuki kwa madogo kuliko hilo.

Akawapeleka Ngarrku.

Alitembea polepole makusudi, akijikwaa, akikaa chini, akijifanya amepotea. Kila hatua aliyoipoteza ilikuwa hatua ya Tinmarra kumfikia mtoto. Maziwa yalianza kumjaa. Ulikuwa wakati ambao Nyukana huamka na kulia, na matiti yaliujua wakati huo kuliko jua. Yalivimba, yakauma, yakaanza kudondoka yenyewe. Mwishowe alipiga magoti, akayakamua mchangani huku meno yameumana, na mchanga ukayanywa mara moja bila kuacha alama. Yule mtu wa ngamia aligeuza uso akatazama pembeni, midomo ikicheza kwa maneno ya kwao. Jimi akainamisha kofia. Ndevu Nyekundu peke yake ndiye aliyetazama hadi mwisho, kama mtu anayetazama bomba linalovuja.

Walipofika Ngarrku, Yapurla akanyoosha kidole kwenye jiwe. Ndevu Nyekundu aliruka chini, akalisukuma kwa mikono yake mwenyewe, akaingiza kichwa. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, ndevu zilikuwa zimejaa vumbi na mifupa midogo ya popo.

Hakumpiga yeye. Alimpiga Jimi. Alimpiga kwa kitako cha bunduki begani, Jimi akaanguka, akainuka akaokota kofia yake kwanza, kisha ndipo akashika bega. Halafu yule bwana akamwendea Yapurla, akaweka mdomo wa bunduki karibu na sikio lake, akaupeleka juu kidogo, akafyatua. Ulimwengu ukalia kama nyuki. Kwa upande ule hakusikia vizuri tena maisha yake yote.

Walipumzika kwenye ubavu wa mwamba. Jimi alikuja kukaza fundo la kamba, akazungumza bila kusogeza midomo.

"Nisikilize. Nimeziona nyayo zako pale tulipokukamata. Zako na za mwenzako. Zinatoka kwenye miti mitatu. Mwenzako ana kidole kidogo kilichopinda. Na kabla ya hapo kuna nyayo za kikongwe mwenye kuburuta mguu, kabeba kitu."

Yapurla aliudaka mkono wake juu ya fundo.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Bado! Bado maana yake nini? Unaniuzia?"

"Maana yake ni bado. Akiniuliza tena na bunduki ile, sijui nitasema nini. Mimi si shujaa, dada. Wapeleke kwenye maji makubwa. Ninajua yapo. Nchi haiwezi kuwa na watu bila kuwa nayo."

Yapurla alimtazama kwa mara ya kwanza vizuri. Alikuwa kijana kuliko alivyodhani. Jicho lake moja lilikuwa na damu.

"Wewe ni nani?" akamuuliza.

"Wananiita Jimi."

"Hilo ni jina la mbwa. Nakuuliza, wewe ni nani?"

Jimi alirudia kukaza fundo. Kwetu kila mtu huzaliwa katika fungu moja kati ya manne, na fungu ndilo linalokwambia nani kaka yako, nani mkwe wako, nani usiyeruhusiwa kumtazama usoni. Hata mgeni kutoka pwani, ambako jua huzama majini, akilitaja fungu lake huwa si mgeni tena. Ndiyo sababu Jimi hakuwa amelitaja.

"Milangka," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayekohoa mfupa.

Yapurla alicheka. Kicheko kilimtoka kikavu, kikamuumiza koo.

"Ebo! Na mimi ni Milangka. Kumbe kaka yangu ndiye anayenikaza kamba. Kaza, kaka, kaza. Mama yetu atafurahi akisikia."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Jina lako la haki nani, kaka?"

"Warlki, wa pwani." Jina alilitamka kama kitu alichokizika zamani na sasa hana hakika alikizika wapi. Kisha akainuka haraka, akaenda kukaa mbali na kumpa mgongo, kama inavyompasa kaka kwa dada yake. Tangu pale hakumtazama tena machoni.

Usiku ule Yapurla alipima mambo. Asubuhi aliposimama, alielekea kusini, njia ya Yintirri.

Walimpa maji robo kikombe. Safari ilikuwa ndefu, tuta baada ya tuta, na juu ya kila tuta Ndevu Nyekundu alinyoosha kidole mbele na kumuuliza kitu, naye akanyoosha kidole mbele vilevile. Ngamia mmoja alilala chini, akakataa kuinuka. Mtu wa ngamia alimkumbatia shingo, akamnong'oneza, akamshika masikio, mwishowe akasimama akafunika macho kwa kitambaa chake. Bwana wao akampiga yule ngamia risasi, wakaendelea. Yapurla alimwona mtu wa ngamia akilia waziwazi, akawaza: kumbe huyu naye ana ndugu.

Jua lilipoanza kulegea alisimama ghafla na kukataa kusonga.

"Moto," alimwambia Warlki. "Mwambie lazima tuwashe moto. Moshi utangulie."

Warlki hakuhitaji kuelezwa. Hata kwao pwani maji hai yana mwenyewe. Alimweleza bwana wake kwa lugha yake, akionyesha mbele, akionyesha juu. Ndevu Nyekundu alitikisa kichwa. Akaangaza macho kwenye upeo wa dunia pande zote, akagusa bunduki.

"Anasema unaita wanaume waje na mikuki."

"Mwambie naita nyoka!"

"Nimemwambia. Anacheka."

Ilikuwa kweli pia kwamba moshi ungeonekana mbali, na Yapurla alilijua hilo. Mumewe Jarrka angeuona, mjomba Wangkali angeuona, na kila mmoja angejiuliza nani yuko Yintirri wakati huu wa mwaka. Lakini alipoomba moto, nyoka ndiye aliyekuwa akilini mwake. "Kaka," alisema, "nikiingia pale kimya na hawa, mimi sitatoka. Wewe pia hutatoka."

Warlki alisimama kati ya kamba na bunduki. Kisha akatoa kibiriti cha bwana wake kutoka kwenye mfuko wa suruali, akainama kana kwamba anang'oa mwiba mguuni, na nyasi za miiba zikashika moto kwa kishindo kama zinavyofanya, moshi mzito mweusi ukapanda mbinguni kama mti.

Ndevu Nyekundu alipiga ukelele, akainua bunduki, na pengine angefyatua. Lakini upepo uligeuka. Ulitoka kusini, ukawapitia ngamia puani, nao wakanusa maji.

Hakuna kamba wala mtu anayemzuia ngamia mwenye kiu aliyenusa maji. Waliondoka kwa pamoja, wote, mizigo ikipukutika, sufuria zikilia, mtu wa ngamia akikimbia nyuma yao akipiga kelele za kumwita Mungu wake. Yapurla alikuwa amefungwa kwenye tandiko la mmoja wao. Alikimbia hatua tatu, nne, kisha miguu ikamshinda, akaburuzwa. Aliona anga, aliona mchanga, aliona anga. Na huku akiburuzwa alipiga kelele kwa sauti yote aliyobaki nayo:

"Ni mimi Yapurla! Binti wa Kurnti! Mpwa wa Wangkali! Nimeletwa kwa kamba, baba, sikuja kwa kupenda! Usinitazame vibaya! Na huyu Milangka, ni wangu! Usimtazame vibaya!"

Alikuwa ameshika mchanga kwenye viganja vyote viwili. Jasho lilikuwamo, na damu. Akaurusha.

Ngamia walifika Yintirri na hawakusimama. Waliingia moja kwa moja kwenye kisima, mmoja juu ya mwingine, kingo zikabomoka, tope likaruka. Wa kwanza akadidimia hadi tumboni akaanza kunguruma, wale wa nyuma wakamkanyaga ili wanywe. Ndevu Nyekundu alikuja mbio kwa miguu, akajitupa kifudifudi ukingoni, akanywa tope pamoja na wanyama wake. Alikunywa akalia. Alitapika, akanywa tena.

Ngamia aliyemburuza Yapurla alikuwa amesimama magotini majini, ananyonya. Kamba ililegea. Warlki alitokea upande wa pili wa mnyama, amebeba sepetu aliyoamriwa kuchimbia, akaweka mkono kwenye tandiko.

"Fundo hili sikulifunga mimi," alisema akimtazama ngamia. "Sasa limefunguka, wala sijui nani kalifungua."

"Twende wote."

"Niende wapi? Hii si nchi yangu. Sijui maji hata moja humu. Wenyeji wakiniona kwenye suruali hii watanichoma kabla sijafungua mdomo. Na wewe, kwa nini unaongea nami? Mimi ni kaka yako. Nenda zako."

Yapurla hakuaga, kwa kuwa kaka na dada hawaagani hivyo. Alitambaa mpaka kwenye vichaka, kisha akasimama, akakimbia. Nyuma yake alisikia ngamia aliyedidimia akinguruma, na sauti ya Ndevu Nyekundu ikiita "Jimi! Jimi!" na kisha mlio wa bunduki, mmoja tu. Hakugeuka.

Alirudi kwa njia ambayo mtu mwenye mnyama hawezi kuipita, juu ya mawe. Alichimbua mizizi ya miti, akaivunja vipande, akaiinamisha juu ya kinywa mpaka idondoke. Ngozi ya mgongo ilikuwa imebanduka, nzi wakamfuata kama kivuli cha pili. Maziwa yalianza kupungua. Alilia kwa ajili ya hilo kuliko mgongo.

Kulyarra hapakuwa na mtu. Moto ulikuwa umefukiwa, shimo la maji limefunikwa matawi. Alipiga magoti akasoma mchanga: kidole kilichopinda cha Tinmarra, mbio. Mguu unaoburuta wa mama yake. Kisha nyayo za mama yake zikakoma, na za Tinmarra zikazama zaidi, kwa maana alikuwa amembeba kikongwe mgongoni na mtoto kifuani.

Aliwapata kwenye mapango ya upande wa mashariki, ambako wanaume pia walikuwa wamerudi baada ya kuuona moshi. Hakuwakimbilia. Alikaa chini mbali kidogo, kama afanyavyo mtu aliyetoka mbali, akangoja. Mama Kurnti ndiye aliyemwona kwanza. Alijiburuta hadi alipo, akamwekea kichwa begani, wakaanza kulia kwa sauti, na wengine wakaja mmoja mmoja, wakalia nao, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Tinmarra alimletea mtoto.

"Nimemtafunia mijusi, akanitemea," alisema huku akifuta kamasi. "Mwanao ana dharau. Nikamwambia mama yako kaliwa na yale makubwa yenye nundu, akanitazama tu kama mimi ndiye mwongo."

"Atanyonya? Yamepungua."

"Mpe. Mengine atayatafuta mwenyewe."

Nyukana alihangaika kidogo, akalia kwa hasira, kisha akashika. Yapurla alifumba macho. Alipoyafumbua, mjomba Wangkali alikuwa amekaa mbele yake, mikuki yake imelala mapajani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno.

"Moshi ulikuwa wa Yintirri," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Nani aliuwasha?"

"Mtu wa Milangka, kutoka pwani. Kwa sababu nilimwomba."

"Na nani aliwapeleka?"

Jarrka, mumewe, alisogea nusu hatua, akasimama. Hili hakuwa na uwezo nalo.

"Mimi," Yapurla alisema. "Ilikuwa Kulyarra au Yintirri. Kulyarra alikuwako huyu." Hakumwinua mtoto, alimshika tu. "Nilijitaja, mjomba. Nilirusha mchanga. Lakini waliingia na miguu yao. Kisima kimebomoka. Nichome."

Wangkali aliutazama mgongo wake, mahali nzi walipokuwa wamekaa.

"Nitakwenda kutazama kwanza," alisema.

Alikwenda na Jarrka. Waliporudi, mjomba alikaa chini akaletewa maji, akanywa, ndipo akazungumza. Ngamia alikuwa amefia kisimani, ameoza, maji yananuka hadi kwenye matuta. Itachukua watu wengi na mvua zaidi ya moja kuyasafisha. Wageni walikuwa wamechukua mapipa yao wakaelekea kaskazini.

"Wageni watatu waliingia," alisema, akichora mchangani kwa kidole. "Watatu wametoka. Mwenye viatu vizito, nyuma. Mwenye kutembea na wanyama, katikati. Na mmoja pekupeku, mbele, anachechemea mguu wa kushoto, kuna damu. Na pembeni ya nyayo zake..." Akavuta mstari mrefu uliopindapinda.

Yapurla aliutambua mstari ule. Ulikuwa kamba.

"Ni kaka yangu huyo," alisema. "Kaskazini, kwa watu wa Marnki, watamwona anatangulia wageni. Watamchoma yeye kwanza."

Wangkali alifuta mchoro wake kwa kiganja.

"Mtu aliyewasha moto kabla ya kuingia kwangu," alisema, "ana adabu kuliko wengi waliozaliwa hapa. Jarrka! Unakimbia bado, au umezeeka kwa kufukuza yule kangaruu wako?"

"Nakimbia, baba."

"Nenda Marnki. Waambie: anayetangulia ni Milangka, ni mtu wetu. Wasimguse. Huyo mwingine wafanye watakavyo."

Kuhusu adhabu ya Yapurla hakusema kitu siku ile. Alikuja kusema siku nyingine, mbele ya wazee: kwamba yeye na wanawake wenzake ndio watakaotoa mifupa ya ngamia kisimani kwa mikono, na kwamba hatanywa maji ya Yintirri mpaka yatakapokuwa safi. Walioona ni adhabu ndogo walinung'unika. Wangkali aliwauliza kama kuna mwenye kutaka kuzungumza naye juu ya maji yake, wakanyamaza.

Msimu wa baridi ulipoingia, watu wa Marnki walikuja kwenye mkutano. Walikaa mbali kama desturi, na kando yao kabisa, peke yake, akakaa mtu mmoja uchi kama wao, mguu wa kushoto umekauka kidogo. Kichwani hakuwa na kofia.

Watu wa Marnki walisimulia. Walikuwa wamejificha kwenye nyasi, wakamwita jina la fungu lake kutoka kichakani alipopelekwa kutafuta kuni. Mara ya kwanza hakugeuka. Mara ya pili alikaa chini akalia. Kamba waliikata kwa jiwe. Ndevu Nyekundu alifyatua risasi kwenye vichaka mpaka zikamwishia, kisha akaondoka na yule mtu wa ngamia kuelekea mashariki, na nyayo zao zilikuwa nzima zilipotoka nchi ya Marnki.

Wangkali alimwendea yule mgeni, akakaa naye, bega karibu na bega.

"Yule bwana wako atarudi?"

"Yeye sijui," Warlki alisema. "Lakini wengine watakuja. Yintirri aliizunguka yote, akaipima kwa jua na kwa nyota, akaichora kwenye karatasi. Ndivyo wanavyofanya. Sasa hata mtu ambaye hajawahi kufika ataweza kuja moja kwa moja."

"Bila kuuliza mtu?"

"Bila kuuliza mtu."

"Lini?"

"Sijui, mzee. Watakuja na wanyama wengi."

Wangkali alitazama upande wa kusini, uliko Yintirri.

Yapurla alikuwa kwenye moto wake, amewapa mgongo, kama inavyompasa. Aligeuza kenge kwenye majivu, akamkata, akatenga mkia wenye mafuta na kipande cha ubavu, akaviweka juu ya majani. Hakuweza kumpelekea mwenyewe wala kumwita. Akamsukumia mumewe yale majani.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie hakina chumvi."